Mkurugenzi wa Magodoro

9 Februari

Mpwa wangu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyonayo katika nyumba hii, natangaza rasmi kwamba mlango wa choo chetu, baada ya miaka kumi na mmoja ya kufungwa kwa kamba, leo umepata komeo. Ni la chuma, limeshikwa na skrubu nne. Jirani wa mbele alikuja kulikagua. Alilivuta, akalisukuma, akalivuta tena, akasema, "Mzee, sasa na nyinyi mmekuwa watu." Nikamjibu kwamba tulikuwa watu tangu zamani, ila watu wa haraka haraka.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo huko? Unakula? Najua benki wamekupa kiti kizuri, lakini kiti hakishibishi. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu, na la kulia linaangalia wenzake wanafanya nini. Ndiyo maana nakuandikia. Ukinipigia simu nasikia mbu, namjibu "ndiyo, ndiyo," halafu unanuna kwa sababu nimekubali kitu nisichokisikia.

Mdogo wako, binti yangu, ana ile homa yake. Saluni wamempumzisha. Mikono inamtetemeka, na mteja mmoja alitoka pale na upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesahauliwa. Analala mchana. Usitie wasiwasi.

Kibanda changu cha kutengeneza saa bado kipo ubavuni mwa duka la dawa. Wiki hii nimepata saa mbili. Moja betri ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa nzima, aliyekufa ni mwenyewe, na watoto wake walitaka kujua itauzwa kiasi gani. Watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu, kisha wanachelewa vilevile. Lakini nimepata mteja mmoja wa ajabu. Anavaa viatu laini visivyo na sauti, nikampa jina la Viatu. Aliniletea saa isiyo na ugonjwa. Nilipomwambia, akasema, "Ifungue tu, mzee, uiangalie." Akalipa bila kuomba apunguziwe, akakaa kwenye benchi langu akaniuliza habari za nyumbani.

Sasa swali, na nauliza kwa niaba ya jirani. Mtu akiambiwa awe mkurugenzi wa kampuni, kazi yake hasa ni nini? Jirani ameambiwa hakuna kazi, ni sahihi tu.

Mjomba wako,
saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi.

Najua unanicheka kwa hizo dakika. Marehemu mama yako naye alicheka, kwamba kaka yake hata risiti ya mkaa anaiandikia dakika. Fundi aliyenifundisha alinipiga makonzi mpaka nikazoea: kila unachokitia mkono, andika ilikuwa saa ngapi na dakika ngapi, usije ukasingiziwa.


2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hongera kwa komeo. Nilimsomea tangazo lako keshia wa dirisha la tatu, akacheka mpaka mteja akaomba kuonana na meneja.

Mimi mzima na ninakula. Habari yangu ni kwamba nimetolewa dirishani nikapandishwa ghorofa ya pili, chumba cha ukaguzi. Ukisikia hivyo utadhani nimepanda cheo. Chumba hakina dirisha. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi, na kumwaga ndoo ni kwa zamu. Tuko watatu. Pesa yoyote ikiingia benki na sura ya kutia shaka, karatasi yake inaletwa mezani kwetu. Tunampigia mteja tunamwuliza imetoka wapi. Akijibu, tunapiga muhuri: IMEELEZWA. Muhuri ni huo mmoja tu. Nilimwuliza mwenzangu wa siku nyingi muhuri wa HAIKUELEZWA uko wapi. Akasema uliagizwa mwaka alioajiriwa yeye, bado haujafika.

Siruhusiwi kukuandikia habari za wateja, kwa hiyo sikuandikii. Ningekuwa nakuandikia, ningekwambia kuna kampuni ya magodoro iliyofunguliwa mwezi uliopita, ambayo kila siku inaweka pesa katika matawi yetu sita, na kila mara ni chini kidogo ya kile kiwango ambacho kingetulazimu kuitaarifu serikali. Noti zake zinanuka siki. Keshia wa dirisha la tatu anazihesabu huku anapiga chafya. Nilimpigia mhasibu wao.

"Jana mmeuza magodoro mangapi?"

"Mengi."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wanaolala."

Meneja wetu, ambaye tunamwita Tutaangalia kwa sababu ndilo neno lake, alisema hilo ni jibu. Nikapiga muhuri.

Kuhusu jirani yako, mwambie hivi: kampuni ikiharibu, polisi hawatii pingu jengo wala godoro. Wanamtafuta mwenye sahihi. Mwambie akatae. Kama ameshakubali, aende leo akaombe jina lake litolewe.

Na Mjomba, hiyo homa ya mdogo wangu inaingia mwaka wa pili. Katika barua zako haipandi wala haishuki. Niambie ni homa gani.

Mpwa wako.


22 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika zamani. Niliisoma, nikaiweka chini ya kioo cha meza ya kazi, na kila nilipofungua saa ya mtu nilikuwa naiona. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo.

Si homa. Ni unga. Wewe ulijua, mimi nilijua, na yeye alijua kwamba tunajua, ila kwenye nyumba ya watu watatu, mmoja wao akiwa mbali, neno halikupata wa kulisema. Juzi, tarehe ishirini, nimempeleka kwenye nyumba ya kuwatibu watu wa unga. Vyumba vya vitanda vinne vinne, dirisha lina nondo, masharti yamebandikwa mlangoni. Msimamizi ni mama mmoja ambaye mwenyewe aliwahi kutumia, hana meno mawili ya mbele wala hana mzaha. Aliniambia, "Mzee, miezi mitatu. Akitoka kabla, usije kunilaumu, na usinililie." Mdogo wako hakuniaga. Aliomba kitana.

Mwezi mmoja pale unakula kazi yangu ya mwaka mzima. Pesa imepatikana. Tena imebaki, nimeezeka mabati mapya upande wa chumba chako. Usiulize.

Jirani nilimpa ujumbe wako. Anasema ameshatia sahihi, na kwamba kwenda kuomba jina litolewe ni kama kumrudishia mtu chai uliyokwisha kuinywa.

Umenichekesha na magodoro yako ambayo hukuniandikia. Na sisi tumefunguliwa duka la magodoro, barabara ya chini. Lina godoro moja. Limesimamishwa mlangoni na bado lina nailoni, na paka amelipasua juu akalala humo. Sijaona mtu akilinunua. Sijaona mtu akimfukuza paka.

Mjomba wako,
saa kumi na moja na dakika mbili jioni.


11 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi umeutaja ugonjwa wa mdogo wangu kwa jina lake. Nimemtumia vitana vitatu na mafuta ya nywele kwa anwani uliyonipa. Mimi nina mafua ya kile kiyoyozi, si kitu.

Jirani yako anatiaje sahihi?

Nauliza kwa sababu wiki hii nililetewa faili zima la wale watu wa magodoro. Mikataba arobaini na sita. Wameuza magodoro kwa hospitali, kwa shule, kwa hoteli ambayo niliitafuta nikaambiwa iliungua kabla sijazaliwa. Mikataba ina tarehe tofauti, zimepigwa taipu vizuri, kuanzia katikati ya Februari mpaka juzi. Kila mmoja una sahihi ya mkurugenzi. Na pembeni ya kila sahihi, kwa kalamu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama wa mtu aliyezoea kuandika ndani ya kifuniko cha saa, kuna muda.

Mkataba wa kwanza, saa nne na dakika saba. Wa pili, saa nne na dakika nane. Wa tatu, saa nne na dakika tisa. Niliipanga yote juu ya meza. Kila dakika mkataba mmoja, mpaka saa nne na dakika hamsini na saba. Sehemu moja tu, baada ya wa kumi na tisa, zimepita dakika sita bila sahihi.

Hakuna aliyeziona. Tangu Februari karatasi hizi zimepita mikononi mwa watu saba wa benki hii, na wote wametia herufi zao kwamba wamesoma. Yule aliyemtilisha mtu sahihi kwenye karatasi tupu bila shaka alimwambia aache wazi mahali pa tarehe. Hakukumbuka kumkataza dakika. Nani angekumbuka?

Nilicheka, Mjomba. Mwenzangu akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna. Kisha ikawa zamu yangu ya kumwaga ndoo, nikaenda nayo chooni, nikajifungia, nikakaa juu yake.

Komeo lilikuwa kiasi gani?

Wakaguzi wa nje wanakuja mwisho wa Julai. Kabla ya hapo, faili hili lazima lipigwe muhuri au liandikiwe taarifa. Liko kwenye droo yangu. Ufunguo ninao mimi.

Mpwa wako.


30 Mei

Mpwa wangu,

Habari za hapa ni nzuri. Mvua imenyesha na mabati hayakuvuja, ila yana kelele, na mimi kwa mara ya kwanza nimeshukuru kuwa kiziwi. Jirani wa mbele amejiwekea komeo na yeye. Lake lina rangi ya dhahabu. Nimelitazama nikamwambia ni zuri kwa mtu ambaye chooni anapokea wageni. Hatuzungumzi tangu Jumatatu. Mwenye duka la dawa ameniomba nihamishe benchi langu kwa sababu wateja wangu wanakaa bila kununua dawa. Nimemwambia wanakaa kwa sababu ni wazima.

Mafua hayo yatibu. Kunywa vitu vya moto.

Zile dakika sita ilikuwa chai. Jirani aliletewa chai na mkate.

Leo mdogo wako ametimiza siku arobaini. Nilikwenda kumwona. Amenenepa mashavu. Amewasuka wagonjwa wote wa chumba chake na yule msimamizi mwenyewe, mistari imenyooka kama ya daftari. Alinionyesha mikono yake, akainyoosha mbele yangu, akasema, "Baba, tazama." Nikaitazama kwa muda mrefu, kama ninavyoisikiliza saa niliyoifunga ili nione kama itasimama. Haikutetemeka.

Nitakuandikia jambo moja kisha sitalirudia. Lile duka lenye paka lina mlango wa nyuma, na huo ndio wenye wateja. Mdogo wako alikuwa mteja. Viatu ni wa duka hilo. Aliponiuliza habari za nyumbani, alikuwa anazijua. Kwa hiyo unga uliomwangusha mwanangu ndio unaomlipia kitanda. Nililifikiria jambo hili siku mbili, na siku ya tatu nikasema potelea mbali, kitanda ni kitanda. Viatu analipa mwezi hadi mwezi. Ukilitoa faili kwenye droo leo, kesho mwanangu yuko nje ya lango.

Miezi mitatu inaisha tarehe ishirini Julai. Sikuombi kitu. Nakutajia tarehe tu.

Mjomba wako,
saa mbili na dakika kumi na tisa asubuhi.


18 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mafua yamepona. Asante kwa habari za makomeo, nilizihitaji.

Jana Tutaangalia aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Ofisi yake ina zulia, na juu ya zulia, kulilinda lisichafuke, ametandika zulia la pili. Alinimiminia maji kwenye glasi. Hajawahi kunimiminia kitu.

"Dada," akasema, "lile faili la magodoro bado unalo?"

"Bado nalisoma, bosi."

"Unalisoma! Faili si gazeti." Akacheka peke yake. "Mteja huyu, unajua anatuwekea kiasi gani kwa mwezi? Mshahara wako unatoka humo. Na wangu. Na wa yule anayefagia."

Nikaiweka glasi chini.

"Halafu," akasema, "nimeona jina la mkurugenzi, ndilo uliloandika kwenye fomu yako ya ajira kama mlezi. Nikasema, aa, kumbe ni mambo ya familia. Basi vizuri, familia inajua kulindana. Kuna nafasi ya msimamizi wa chumba chenu. Tutaangalia."

Kwa hiyo jina lako walilijua, Mjomba. Hawakukuchagua kwa sababu ya kibanda chako tu. Walijua una binti mgonjwa na una mpwa benki, na wakaona wewe ni mtu aliyefungwa pande zote mbili.

Nimekaa na jambo hili na nimeamua. Nikipiga muhuri, ipo siku watakuhitaji kwa kitu kikubwa zaidi, au faili litafunguliwa na mtu asiyekujua, na hapo hutakuwa na wa kukusemea. Nitaandika taarifa. Nitaambatanisha karatasi moja niliyoichora mwenyewe, yenye sahihi zako zote na dakika zake. Mtu yeyote mwenye macho ataona kwamba mikataba arobaini na sita ya miezi mitatu ilitiwa sahihi asubuhi moja, ikiwa tupu, na mzee aliyekatiza kunywa chai. Hizo dakika ndizo wakili wako.

Lakini nitangoja. Kila siku ninayongoja, zile noti zinazonuka siki kama unga wenyewe zinaingia, na mahali fulani msusi mwingine mikono inaanza kumtetemeka. Hilo nitalibeba. Tarehe ishirini na moja Julai asubuhi nitaipeleka. Mdogo wangu atakuwa ametoka tarehe ishirini kwa miguu yake.

Kama kuna jambo linalobadilisha hesabu hii, niambie mapema. Na wewe nenda polisi kwanza, kabla yao. Ukiwahi kufika ni shahidi, ukifuatwa ni mshtakiwa.

Mpwa wako.


16 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Barua hii naiandika mara ya nne. Tatu za kwanza zilikuwa na habari za mvua.

Mdogo wako hayupo kule. Aliondoka tarehe thelathini na moja Mei, siku moja baada ya mimi kukuandikia kwamba mikono haitetemeki. Aliwaambia anakwenda kununua uzi wa kusukia. Msimamizi alinitumia mtu. Nilipofika, kitanda kilikuwa kimekwisha kutandikwa kwa mwingine. Nikakumbuka nilikatazwa kulia, nikarudi nyumbani.

Huja hapa usiku mmoja mmoja. Anaoga, anakula, anakaa mlangoni. Akiondoka kunakuwa na kitu pungufu. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa unangoja kwa ajili yake, nami nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani ambaye kwake bado yuko kitandani kule, anasuka watu.

Kwa hiyo hukuwa na sababu ya kungoja. Umengoja siku arobaini na ushee kwa ajili ya kitanda ambacho mwanangu hakuwemo. Hilo ni langu, usilibebe.

Viatu bado analeta pesa ya mwezi, kana kwamba yumo. Nafikiri anajua hayumo. Nafikiri anajua kuliko mimi yuko wapi.

Polisi nilikwenda. Askari wa mapokezi ni mteja wangu, nilimbadilishia mkanda wa saa. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Alinisikiliza vizuri kabisa, akasema, "Mzee, rudi nyumbani, mambo haya usiyaseme kwa sauti." Nikamwambia mimi ni kiziwi, sauti yangu ndiyo hii. Jioni ile ile Viatu alikuja kibandani. Hakukaa kwenye benchi. Alisema, "Mzee, nimesikia ulikuwa na shida." Viatu vyake vilikuwa vimelowa mvua, na bado havikuwa na sauti.

Peleka taarifa yako.

Mjomba wako,
saa saba na dakika thelathini na tatu mchana.


14 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ya tarehe kumi na sita ilinifikia tarehe ishirini na tisa. Nilikuwa nimekwisha kupeleka. Tangu wakukamate nimekuandikia mara tatu kule mahabusu na sijui kama wanakupa barua. Hii nampa wakili aje nayo mkononi.

Mimi mzima. Wamenirudisha dirishani, dirisha la tatu. Keshia aliyekuwepo aliacha kazi kwa sababu ya kifua. Niliomba siku mbili nije kwenye hukumu yako, nikaambiwa watumishi ni wachache. Niliomba niitwe shahidi, nikaambiwa karatasi yangu inatosha kuzungumza yenyewe.

Lazima nikwambie yaliyotokea huku, usije ukayasikia kwa wengine yakiwa yamepambwa. Taarifa yangu ilisomwa. Ilisomwa kweli, Mjomba, na watu wenye miwani. Waliuliza maswali siku nne. Benki ilikiri kwamba ilikuwa na "upungufu wa uangalifu" ikapigwa faini. Gazeti liliandika ni faini kubwa mno. Nilichukua kikokotoo nikaigawa kwa faida yetu ya siku moja. Ni siku tisa. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Ni siku tisa.

Tutaangalia amehamishiwa tawi kubwa zaidi. Tulimchangia zawadi ya kumuaga. Nilichanga.

Akaunti ya magodoro imefungwa. Wiki hiyo hiyo imefunguliwa kampuni ya madawati ya shule. Jana alikuja mtu na begi, akalifungua mbele ya dirisha langu, na kabla sijashika noti nilipiga chafya. Jina la mkurugenzi wao silijui. Atakuwa na kibanda mahali fulani, na mtu mgonjwa nyumbani.

Mdogo wangu je? Nyumba nani anaiangalia? Nijibu hata mistari miwili. Karatasi yangu ya dakika wakili anayo, amesema ndiyo silaha yetu.

Mpwa wako.


6 Desemba

Mpwa wangu,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba choo cha huku hakina mlango kabisa, kwa hiyo suala la komeo, kama suala, limefungwa rasmi. Tuko kumi na wanane chumba kimoja. Mimi ndiye mkubwa kwa umri, nimepewa nafasi ya ukutani. Wananiita Mkurugenzi. Niliwaeleza kisa cha godoro na paka, na sasa kila tunapolala sakafuni kuna anayeuliza, "Mkurugenzi, mzigo umefika?" Hivyo usidhani tunalia wakati wote.

Barua zako tatu nimepewa zote siku moja, zimefunguliwa. Hiyo ya nne wakili alinipa mkononi.

Hukumu wakili amekwisha kukueleza. Miaka sita. Lakini hakukueleza ilivyokuwa, kwa sababu yeye hakuona cha kuchekesha. Hakimu aliichukua karatasi yako akaitazama kwa makini. Alivua miwani, akaivaa. Wakili wetu akasimama akasema yote uliyomwandikia: asubuhi moja, karatasi tupu, mzee maskini, chai. Alisema vizuri. Mimi nilikuwa nimegeuza sikio la kulia. Hakimu akaniuliza, "Mzee, hizi dakika uliandika wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Nisije nikasingiziwa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akasema mtu asiyejua anachokifanya hutia kidole akaenda zake, lakini mtu anayeandika mpaka dakika anajua vizuri sana anachokifanya. Alitumia karatasi yako kama kielelezo cha kwanza. Viatu hakutajwa. Jina lake haliko kwenye karatasi yoyote, na mimi lake la kweli silijui.

Usijilaumu. Nakuandikia hili mara moja na sitalirudia. Hukukosea kupanga dakika zile, ni kazi safi. Ningekuwa hakimu, ningejiachia.

Mdogo wako alikuja siku ya kutembelewa. Alikaa upande wa pili wa waya, kitambaa kichwani, yeye msusi. Alisema mabati ameyauza. Komeo pia. Alisema, "Baba, nisamehe, kamba ipo." Nikamwuliza kama anakula. Akanyoosha mikono nitazame, nami nikatazama pembeni.

Usiache kazi. Kama ukiacha, chumba chako hakina paa.

Mjomba wako.

Muda sijui. Saa yangu waliichukua getini.